Uliponisubiri Juu ya Ziwa Ngozi

Lipangalala, Ifakara
1996

Mpwa wangu Apolina,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana hukuwahi kunipita bila shikamoo, hata siku ulizokuwa umenikasirikia.

Mimi mjomba wako ni mzima, na bado ndiye mwanamume pekee wa bonde hili aliyempiga kiboko kasia la puani kule Malinyi, kiboko akageuza njia. Hilo unalijua. Leo nina jingine, na mwandiko utauvumilia, shule yangu iliishia darasa la nne.

Jumamosi tulimaliza matanga yako. Kama ilivyo kwetu, mjomba ndiye wa kugawa vitu vya marehemu, nikakaa mkekani. Khanga zako, sufuria, ile cherehani uliyoikanyaga kwa mguu mmoja ukavalisha nusu ya Lipangalala. Shangazi yako Kresensia akawa analia: "Maskini mtoto wetu! Na mguu ule mkavu, hakuna alikofika. Cherehani na kanisani, basi."

Binti yako Odilia alikuwa ukutani, anasikia. Nikamwona anavuta gauni kufunika miguu yake mizima, kana kwamba kuwa nayo ni kosa. Apolina, iliniuma. Niseme nini zaidi. Iliniuma.

Mara likaanguka lile jiwe kutoka kwenye khanga. Shangazi akasema, "Na hili la kusugulia visigino, tupeni."

"Acha!" nikasema. "Hilo limetoka Ziwa Ngozi, juu ya mlima. Apolina alipanda kwa miguu yake. Na ukilitia majini linaelea."

Watu walicheka mpaka mama yako naye akacheka, na machozi yake usoni. Mtani wangu Ngonyani akajipiga paja. "Mjomba ameanza! Na yule kiboko mlipanda naye?"

Likaletwa karai la maji. Jiwe likaelea kama andazi kwenye mafuta. Kicheko kikapungua, lakini Ngonyani hakukubali. "Jiwe tumeliona. Ila mguu ule kupanda mlima? Hapana, mjomba. Hapo umetia chumvi."

Na kweli chumvi nilikuwa nayo tayari, kiganja kizima. Nilitaka kuwaambia nilikubeba mgongoni, joka likatoka majini nikalikemea. Nikamtazama Odilia. Nikaona nikimbeba mama yake mgongoni, basi mama yake hakupanda.

Nikasimulia ilivyokuwa.

Kwamba tangu mtoto ulikuwa ukinisikia nikilisimulia ziwa hilo, nami nililisikia kwa jamaa wa Tukuyu niliyekuwa naye kambini Chita. Kwamba mwaka ule uliposhona sare za kwaya, ulikuja ukaniambia, "Mjomba, vaa viatu, twende tukalione." Tukapanda treni mpaka Mbeya, ukakodi pikapu ya siku nzima, sisi wawili tu kama mabwana shamba. Ukamwambia dereva, "Usikimbize, kaka, leo hatuna tunakowahi." Tukasimama kununua viazi vya kuchemsha. Tukasimama kutazama ng'ombe. Tukasimama mahali bila sababu yoyote, nawe ukasema hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Chini ya mlima nikachuchumaa nikakuambia panda mgongoni. Ukanijibu, "Mjomba, wewe panda wako, na mimi wangu."

Msitu ule ulikuwa umelowa, njia telezi. Ulishika mizizi kwa mikono, ukauvuta mguu, ukateleza, ukacheka, ukashika mzizi mwingine. Mimi, katikati ya mlima, pumzi zilikatika. Nikakaa juu ya gogo nikatazama mgongo wako ukipotea kwenye majani.

Nilipotokea kileleni ulikuwa umeshatandika khanga na kufungua kambale tuliowatoa nyumbani. Chini yetu ziwa la kijani, limekaa ndani ya mlima kama mchuzi chunguni, hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Ukasema, "Karibu, mjomba. Nimekusubiri mpaka samaki wamepoa."

Tukakaa. Ukungu ulilifunika ziwa, ukalifunua, ukalifunika tena, nasi hatukuondoka. Jiwe uliliokota pale pale, ukalijaribu kwenye dimbwi, ukaniambia, "Hili usilisimulie. Watasema umeanza."

Nikaishia hapo. Ngonyani akanitazama. "Yaani ulishindwa? Wewe?"

"Nilishindwa. Akanisubiri."

Akavua kofia. "Basi ni kweli. Miaka yote hii sijakusikia ukishindwa na kitu."

Shangazi Kresensia akaanza kulia upya, ila kilio kingine. "Kumbe mtoto wetu alifika," akawa anasema. "Kumbe alifika." Odilia akalitoa jiwe majini, akalifuta kwa gauni lake, akalishika. Sikuligawa. Hakuna aliyeuliza ni la nani.

Pumzika, mwanangu. Mvua zijazo zikishaisha nitampeleka Odilia kwa treni ile ile, na dereva ataambiwa asikimbize. Safari hiyo nitaisimulia kama ilivyo, sitaongeza hata jani moja. Kiboko wa Malinyi tu niachie, huyo ni wangu. Odilia atanitangulia kileleni, najua, nami nitakuja nyuma nikihema kama nilivyokuja kwako.

Na huko ulikotangulia sasa, tandika khanga. Usiwe na haraka na samaki. Mjomba anakuja polepole.

Ni mimi mjomba wako,
aliyeshindwa mara moja tu.