Viganja vya Joeli

Basi hapana, Baba, hakuwa mjinga, na wewe ulilijua hilo kabla hujatuacha. Nakuandikia nikiwa mke wa Joeli! Tunakaa hapa Kariandusi, karibu na machimbo. Kila jioni anarudi mweupe kwa vumbi kama andazi lililoangukia unga, nami namcheka mpaka naye anacheka. Nampenda, Baba. Nampenda mpaka naona aibu kuandika.

Lakini lazima nikupe habari za Mzee Zakayo, maana bado namdharau na sina haraka ya kuacha. Unaijua sheria ya kanisa letu: asiyesoma sura ya Injili mbele ya wazee habatizwi, na asiyebatizwa hafungishwi ndoa. Unakumbuka alivyomwangusha Joeli mara mbili, akigonga meza kwa rula muda wote, kama fundi asiye na msumari. Rula ikigonga, Joeli anainua macho, na neno alilolisoma vizuri kwako jana linakuwa geni kabisa. "Kichwa hiki ni jiwe," akatangaza mbele ya akina mama. Mtu mzima hovyo!

Wewe ulisema tu, "Maneno anayajua. Ila kila kitu kinamwita." Ukalaza maganda mawili makavu ya mahindi juu ya ukurasa, moja juu ya mstari na moja chini yake, naye akasoma. Mimi naweza kusoma katikati ya soko. Yeye, hata akinisomea maneno ya mapenzi, atakatiza aseme, "Mpenzi, kamba ya kiatu chako inataka kukatika." Na kweli inakatika! Nani asingempenda mtu kama huyo?

Tulipokwisha kukuzika aliitwa tena. Akaja na maganda yako. Zakayo akayapangusa kwa mkono wa koti, yakaanguka chini. "Takataka gani hizi juu ya Neno la Mungu? Mimi nikisoma, hata nyumba ikiungua sijui." Alisema hivyo akijisifu, Baba!

Nikajua hakuna harusi tena. Joeli akaweka viganja vyake viwili juu ya kitabu, akaacha mstari mmoja katikati. "Toa mikono," akaambiwa. "Mzee, mikono ni yangu." Akina mama wakacheka.

Rula ikaanza. Joeli akasoma, viganja vikishuka polepole. Karibu na mwisho akasimama. "Mzee, mbuzi anakula kofia yako."

"Soma! Usinichezee!"

Akasoma mpaka mwisho wa sura, Zakayo akifuata kwa kidole katika kitabu chake kwa bidii zote, na mbuzi aliyejiingiza anatafuna chini ya kiti chake. Wazee wenzake wakasema amepita. Zakayo akainama kuchukua kofia, akaokota ukingo wake tu. Sikumhurumia hata kidogo. Anayepima macho ya watu wote kwa macho yake peke yake, na atembee juani kichwa wazi.

Nacheka, Baba, halafu kicheko kinakatika. Kwa sababu Joeli alipomaliza, kabla hajanitazama mimi, aligeuka kutazama mlangoni, pale ulipozoea kusimama. Mbele ya wazee, wewe ulimwona akishindwa tu.

Pasi za kusafiri, ambazo bila hizo haturuhusiwi kutoka hapa, tumeshapata. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda mpaka Dundori, tung'oe magugu kaburini kwako, kisha mimi nitanyamaza, nimwache akusomee sura nzima. Pumzika, Baba. Tunakuja.

Binti yako,
Rahabu