Kamati ya Chumvi ya Kamisawa na Pipa la Marehemu Kiyo

KITONGOJI CHA KAMISAWA, AKITA
KAMATI YA KUPUNGUZA CHUMVI NA KUTULIZA NYOYO

Kumbukumbu za kikao cha kawaida kilichofanyika Jumapili ya pili ya Februari, mwaka wa saba wa enzi ya Reiwa (2025), katika ukumbi wa kitongoji, kuanzia saa nne asubuhi.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Sugawara Yasaku – Mwenyekiti
2. Bi. Satake Masuyo – Mkuu wa Upimaji
3. Bw. Nemoto Shoji – Mjumbe (mwenye duka la pombe)
4. Bw. Hatakeyama Kinjiro – Mjumbe
5. Bi. Kamada Fusae – Katibu

MWALIKWA
Bi. Okabe – Muuguzi wa afya ya jamii

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Bw. Ito Zenpachi – aliteleza akiondoa theluji juu ya paa. Anaendelea vizuri na anagomba kama kawaida.

KUMB. NA. 1/R7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuuliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Baada ya mlango kufungwa aliwashukuru wajumbe kwa kuja licha ya theluji.

Bi. Masuyo aliandaa chai na sahani ya gakko, ile achari ya figili zilizokaushwa kwa moshi, ambayo bila hiyo hakuna kikao kinachokalika hapa kwetu. Bw. Shoji aliuliza kama ni halali kamati ya kupunguza chumvi kula gakko. Bi. Masuyo alijibu kwamba wajumbe wanakula ili wamjue adui yao. Jibu lilikubaliwa na sahani ikazungushwa.

KUMB. NA. 2/R7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Katibu aliwakumbusha wajumbe azimio la Januari, lililotokana na mhadhara wa Bi. Okabe kuhusu chumvi na afya ya akili. Iliazimiwa kwamba mjumbe yeyote ambaye supu yake ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, imezidi asilimia moja ya chumvi, maneno yake kikaoni yahesabiwe kuwa ni ya chumvi na si yake, na yasiandikwe.

Bi. Okabe aliomba kusahihisha. Alieleza kwamba alichosema ni kuwa watafiti wengine wameona chumvi nyingi na huzuni vikifuatana, lakini kipi kinazaa kipi bado hakijajulikana. Mwenyekiti alimshukuru na kusema kwamba azimio lilishapita kwa kauli moja, hivyo muda wa kutojua umekwisha.

Bw. Shoji alimuuliza Mwenyekiti ni lini ataacha kusukumia theluji yake mbele ya duka la watu, na akamwita kichwa cha kabichi. Alipotakiwa kuomba radhi alisema, "Si mimi, Mwenyekiti, ni chumvi hiyo. Mimi binafsi nakuheshimu sana."

Mwenyekiti aliagiza supu zipimwe mara moja.

KUMB. NA. 3/R7: UPIMAJI WA SUPU

Wajumbe walitoa supu walizokuja nazo kwenye chupa za chai. Bi. Masuyo alizipima kwa kipimo cha kamati, ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa.

Supu ya Bw. Shoji ilionyesha hakuna chumvi kabisa. Bi. Masuyo alisema hiyo si supu. Bw. Shoji alisisitiza kuwa ni supu ya mke wake. Bi. Masuyo aliionja na kuiarifu kamati kwamba ni chai ya shayiri. Bw. Shoji alisema basi mke wake ana mengi ya kueleza. Mwenyekiti aliamua kwamba, kwa kuwa Bw. Shoji hana chumvi, kabichi ni maneno yake mwenyewe na yaandikwe. Yameandikwa hapo juu.

Supu ya Mwenyekiti ilikuwa chini kabisa ya kiwango. Bi. Okabe aliuliza kwa upole, kama chumvi ndiyo inayoleta hasira, Mwenyekiti anapigia watu kelele kwa sababu gani. Mwenyekiti alimnyooshea kidole Bw. Shoji na kusema, "Kwa sababu ya huyu."

Supu ya Katibu ilikuwa nzuri. Supu ya Bw. Kinjiro ilikaribia mara mbili ya kiwango. Bi. Masuyo alisoma tarakimu hiyo kwa sauti, akaisoma tena.

KUMB. NA. 4/R7: OMBI LA BW. KINJIRO KURUDISHIWA PIPA

Bw. Kinjiro aliomba kusema. Wajumbe walishtuka kidogo, maana tangu mazishi ya mkewe Kiyo mwezi wa Oktoba hakuwa amesema neno katika kikao chochote. Alisema anaomba pipa lake la gakko, lile lililochukuliwa na kamati.

Mwenyekiti alieleza kwamba pipa lilichukuliwa kwa faida yake. Bi. Okabe alipomtembelea mwezi wa Novemba na kumuuliza habari, mzee mwenyewe alijibu, "Anbe mbaya." Bi. Okabe akaandika kwamba mkolezo wa chumvi si mzuri na kumpa taarifa Mkuu wa Upimaji, ambaye alikwenda, akapima, na kuondoka na pipa juu ya kigari cha theluji.

Katibu aliomba kueleza jambo. Anbe kwetu ni kukolea kwa chakula, na pia ni hali ya mtu. Mtu akiulizwa habari na kujibu kwamba anbe yake ni mbaya, anamaanisha moyo wake umelala chini. Bi. Okabe ni wa Osaka na hakuwa na namna ya kulijua hilo. Bi. Masuyo amezaliwa nyumba ya tatu kutoka ukumbini.

Bi. Masuyo alisema, "Fusae, unaandika au unanihukumu?" Katibu alijibu kwamba anaweza yote mawili.

Bi. Okabe aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alisema, "Mzee wangu, uliniambia unaumwa moyo, mimi nikakwenda kupimisha pipa lako. Nisamehe."

Mwenyekiti alisema kwamba, kwa mujibu wa azimio, supu ya Bw. Kinjiro imezidi na ombi lake haliwezi kuandikwa. Katibu aliendelea kuandika. Mwenyekiti alimwambia Katibu aache. Katibu alimwambia Mwenyekiti kwamba wino ni wake.

Bw. Kinjiro aliuliza tena pipa liko wapi. Bi. Masuyo alitazama jiko la mafuta ya taa. Mwenyekiti alisema liko mahali salama. Wakati huo Bw. Kinjiro, kwa kukosa la kufanya, alichukua kipande cha gakko kwenye sahani na kukitia mdomoni. Alitafuna mara moja, akaacha kutafuna.

Bw. Shoji alirudisha sahanini kipande cha gakko alichokuwa ameshika.

KUMB. NA. 5/R7: MAELEZO YA BW. KINJIRO

Bi. Masuyo alikiri kwamba gakko zote zilizoliwa vikaoni tangu Novemba zilitoka katika pipa hilo, alilotia chumvi marehemu Kiyo kwa mkono wake, na kwamba sasa limebaki maji na pumba za mchele za kuchachushia. Alisema alikusudia kulimwaga siku ile ile, lakini alipofungua kifuniko akasikia harufu ya Kiyo na mkono ukamgomea. Alilia. Wote waliokuwapo wamekula, na Katibu pia amekula.

Bw. Kinjiro alisema, na maneno haya yameandikwa kama alivyoyasema:

"Kula mngekula tu. Kiyo mwenyewe angewakaribisha. Ila mmekula majira yote haya ya baridi, na hakuna hata mmoja aliyetaja jina lake. Mimi nyumbani supu haina ladha. Tangu aondoke haina ladha. Nikatia miso zaidi, hamna kitu. Nikaongeza chumvi, hamna kitu. Nikaongeza tena. Nyie mnasema chumvi imenitia huzuni. Kwa chumvi hiyo nilikuwa natafuta ladha, jamani."

Bi. Okabe alithibitisha kwamba mtu mwenye huzuni nzito huweza kupoteza ladha ya chakula. Alisema ndicho alichotaka kueleza mwezi wa Januari alipokatizwa. Safari hii hakuna aliyemkatiza.

Mwenyekiti alisema kwamba Kiyo ndiye mtu pekee Kamisawa aliyekuwa akimwambia, "Yasaku, punguza sauti, unatisha kuku," na yeye akapunguza. Bw. Shoji alisema Kiyo alikuwa akirudisha chupa tupu dukani zikiwa zimeoshwa, mpaka yeye mwenye duka akaona haya kuuza chupa chafu. Bw. Kinjiro alimmiminia Bi. Masuyo chai.

Iliazimiwa kwamba azimio la Januari lifutwe. Iliazimiwa pia kwamba wajumbe wapokezane kwenda kunywa supu ya asubuhi nyumbani kwa Bw. Kinjiro, mmoja kila siku, Mwenyekiti akitangulia kesho. Bw. Kinjiro alisema, "Haya, njooni. Lakini mtu aje na njaa yake, sitaki wa kuja kunionea huruma."

KUMB. NA. 6/R7: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Suala la theluji ya mbele ya duka liliahirishwa. Bw. Shoji aliomba iandikwe kwamba hajalisahau.

Mwenyekiti alitaka kufunga kikao, lakini Bw. Kinjiro alikuwa ameshaingia jikoni ukumbini na alikuwa akitafuta sufuria. Alipika supu ya miso na viazi, akawaandalia wote, akakaa na bakuli lake katikati ya Mwenyekiti na Bw. Shoji. Ilikuwa na chumvi ya kukunja uso. Bi. Masuyo alikuwa wa kwanza kumaliza, akainua bakuli kuomba nyingine.

Kikao kilifungwa saa sita na nusu mchana.

............................
Sugawara Yasaku
MWENYEKITI

............................
Kamada Fusae
KATIBU