Ndege wa Kumrudisha Evodio

Kwako Librada, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni,

Hujambo huko Minatitlán? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kama injini ya boti? Mimi mzima. Goti huuma mvua ikija, na mvua ya hapa haijui kuondoka. Wajukuu wamenona. Anayeandika ni Zenaida wa nyumba ya pili, maana mimi darasani sikuingia hata kufagia. Nimemwapisha kwa Bikira wa Carmen asilirembe neno langu hata moja.

Barua yako nimesomewa, na kitambaa chekundu nimekipokea. Unataka nikukamatie ndege mvumaji, nimkaushe, nimviringishe humo kwa uzi mwekundu na kumsomea sala, ili mumeo Evodio amwache yule mjane wa Acayucan arudi kwako. Umesema wauzaji wa sokoni Catemaco huwaamini, wanaviringisha manyoya ya kuku.

Sikukataa. Nilikusikia ukilia ndani ya ile karatasi. Nikachukua wavu wa uduvi nikapanda msituni, ng'ambo ya kijito, kwenye migomba-mwitu yenye maua mekundu.

Mvumaji wetu unamjua: mdogo wa kujaa kiganjani, kahawia, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, mkia wenye ncha nyeupe ndefu. Madume nimeyakuta kichakani yamejikusanya, kila moja na kitawi chake, yanapiga mlio uleule tangu alfajiri, tsi, tsi, tsi, na kila mlio mkia unatikiswa. Yanakwenda kunyonya maua kidogo, yanarudi palepale. Jike akija, wanaonana juu ya kitawi, basi. Jike anaondoka na mzigo wake, dume anaendelea na tsi yake. Kiota hakijui, mtoto hamjui.

Nikakaa chini, wavu mapajani, nikacheka hadi goti likasahau kuuma. Librada, huyu ndiye tunayemkausha atuletee waume! Ni kumkabidhi paka kitoweo. Mama aliamini hivyo, na mama yake, na hakuna hata mmoja aliyepanda kumtazama.

Sasa msikie jike. Yupo nje ya dirisha la chumba changu cha nyuma. Kiota amekining'iniza chini ya ncha ya jani la mchikichi, jani lenyewe ndilo paa. Amekishona kwa utando wa buibui, na chini amekiachia mkia wa nyuzi na majani makavu, uzito wa kukizuia kisipinduke. Mayai mawili, kama maharagwe meupe. Hakuna dume aliyeleta hata unyasi. Dhoruba ilipopiga, jani lilirushwa huku na huku, nami nikasema amekwisha. Asubuhi nikamkuta amekaa vilevile, kichwa nyuma, mdomo juu, kalikazia jani macho. Makinda yametoka Jumapili.

Sasa nikuambie nililokuficha, na hata Zenaida hajalisikia. Barua yako ilikuta Evodio ameshafika hapa na kwenda zake. Alikuja na shati la pasi, ananukia kama duka la kinyozi. Nikadhani anataka nimwombee msamaha kwako. Akaniita shemeji wa dhahabu, akazimaliza tamale zangu zote za unga wa mahindi, halafu akaomba nimkamatie mvumaji. Nikamuuliza, wa kumrudisha Librada? Akajikuna kichwa. Wa kumshika mjane, basi? Akasema mjane amemchosha, kuna muuza matunda huko Jáltipan hajamwitikia. Nikamwambia, "Ndege wa nini, na ndege si wewe mwenyewe? Hebu tikisa mkia hapo nione!" Nikamtoa kwa ufagio.

Subiri, Zenaida anacheka, kalamu imemdondoka.

Haya yote niliyajua nilipobeba ule wavu, Librada. Nilijua harudi, na bado nilikuwa tayari kuua kiumbe wa Mungu ili wewe uache kulia. Ningekudanganya, nawe ungengoja mlangoni mpaka uzeeke. Hapana. Sitaua, na wewe hutangoja.

Wavu umerudi kwenye uduvi. Kitambaa chako nimekishonea pindo la pazia la chumba cha nyuma, na kitanda nimekwishatandika. Nyumba ya kupanga mwachie mwenyewe. Beba cherehani yako, wanawake wa hapa hawana wa kuwashonea. Usilie njiani, watu watadhani umefiwa. Makinda yameanza kuota manyoya, njoo kabla hayajaruka. Usipokuja nitakufuata mimi, na goti langu hili, na ufagio uleule.

Msalimie jirani yako mwenye kasuku. Wajukuu wanakuamkia, na wameanza kugombania nani atalala nawe. Bikira akufunike na joho lake.

Dada yako,
Eustolia

Hicho hapo chini ni kidole gumba changu. Kibusu, halafu ufunge mizigo.