Nimeacha Kumwimba Nyamizi, Sasa Kaninunia

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba uniokoe kabla ya siku ya kufunga shule maana nitaaibika mbele ya wazazi wote, mimi ni kijana wa kidato cha tatu hapa Bariadi, mpole, nikiulizwa swali darasani natoka jasho, ila najua kutunga nyimbo, na shuleni kwetu tunapalilia shamba la pamba kwa makundi mawili yanayoshindana kwa ngoma ya majembe, shindano la mwisho likiwa siku hiyo ya kufunga shule, kila kundi likilikejeli jingine, na manju wa wapinzani wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao, ni msichana anaitwa Nyamizi, ambaye akicheka hapa wanasikia hadi Dutwa, basi nilimtungia kwamba hawa wanunuzi wapya wa pamba watupe vipaza sauti vyao wamwajiri yeye, watu wakaanguka kwa kicheko, naye akacheka kuliko wote, akanijibu kwa wimbo kwamba siku yangu ya kuposa nitawatuma ng'ombe wakaniongelee, na tangu hapo, mshauri, nampenda, kwa hiyo nikaamua kumheshimu, nikaacha kumtaja, nikawa namwimba rafiki yake Apolonia, lakini badala ya kufurahi Nyamizi akanifuata bombani, “Wewe Malimi, mimi nimekufa? Mbona hunitaji?” nikaondoka na ndoo tupu, sasa hanisemeshi, na kundi langu linanizomea, mmoja wao, Salu, anapiga kelele, “Manju wetu kabinafsishwa!” nami naona nikimwimba nitamuumiza, nisipomwimba wenzangu watanifukuza, nifanye nini?

Manju Mpole, Bariadi

JIBU

Kijana wangu, kosa la wengi wanaopenda kwa mara ya kwanza ni kudhani kwamba kunyamaza ni heshima.

Majina nimeyabadilisha, ingawa kwa sauti hiyo ya binti nahofia Bariadi nzima imekwisha kumtambua mwenyewe. Nawe unayejiita mpole, nimeisoma barua yako hadi mwisho nikitafuta nukta ya kupumzikia! Maneno unayo. Unayapeleka kusikotakiwa.

Hebu nikueleze, maana inaelekea wazee wako walikupa jembe wakasahau maelezo yake. Tangu zamani Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kwa ngoma, na hakuna manju aliyepoteza wimbo wake kumwimba mtu asiyejua kucheza. Kumtaja mpinzani kwa jina mbele ya umati ni kukiri kwamba huyo ndiye unayemwogopa. Ndiyo maana binti alicheka. Wewe ukamnyang'anya heshima hiyo, ukampa rafiki yake, tena mbele ya macho yake, halafu unashangaa kanuna? Ningekuwa yeye, ile ndoo ningekuvika kichwani.

Wala usiogope kwamba yeye ana kelele nawe huna. Wapiga kelele wawili wakikaa pamoja, majirani huhama. Lakini mkejeli sauti yake na hatua zake. Umbo lake na watu wa kwao usiwaguse, hapo ndipo utani hugeuka kidonda. Salu mwache azomee, atanyamaza ukishinda.

Tena sikia, mwanangu: kumpenda si kosa, ila ng'ombe wa mahari bado ni wa baba yako, nawe una mitihani. Zizi liache kabisa, hata kwa mawazo.

Leo, masomo yakiisha, mwendee Nyamizi umwambie kwa mdomo wako mwenyewe: “Siku ya kufunga shule nakuimba wewe, jiandae.”