Wavu Ndani ya Mama

Ness, Kisiwa cha Lewis
Jumatatu

Kwa Dada yangu mpendwa Kirsteen,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Aberdeen, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Baba anakusalimu. Kondoo wamezaa vizuri ingawa baridi haijaisha. Sisi tunaendelea, lakini siwezi kuandika kwamba sote tu wazima.

Mama haendi tena kanisani. Unajua kwetu tunasimama wakati wa maombi na kukaa wakati wa zaburi. Yeye akikaa ni kama amekalia sindano, kwa hiyo alikuwa akisimama nyuma hata tunapoimba. Siku moja jirani yetu Dolina alisema pale mlangoni, watu wakisikia, "Peigi siku hizi anatusimamia kama mwalimu wa zamu." Wakacheka. Mama naye alicheka, lakini Jumapili iliyofuata hakuvaa kofia yake ya kanisani.

Tulikuambia ni mgongo unamuuma. Si mgongo, Dada. Baada ya kunizaa mimi alikuwa hawezi kuzuia mkojo, hata akikohoa tu. Hospitali wakamwekea wavu mwembamba wa plastiki ukeni ili ushikilie kibofu. Walimwambia ni kazi ndogo. Sasa wavu ule umekuwa mgumu, umekata nyama, na anatoka damu. Daktari wa kwanza alisema ni umri, ajitahidi kupumzika. Huyu mpya, mwanamke, ndiye aliyempima sawasawa, na akamwomba radhi. Alisema wavu utolewe kwenye hospitali kubwa ya Glasgow, ila nyama imeshaukumbatia. Huenda vipande vikabaki, na huenda mkojo ukarudi kumsumbua.

Mama alikataa kwenda. Nilimsihi sana. Akaniambia akienda itabidi Baba ajue, naye hawezi kumweleza mwanamume habari za huko chini, hata kama ni mumewe. Na Baba, tangu majira ya baridi, analala chumbani kwako, maana Mama hataki kuguswa. Alidhani Mama amemchoka. Alikuwa ameshakubali kazi kwenye meli za Norway, aondoke mwezi wa Juni.

Sasa nikueleze nililofanya. Mama aliniapisha ninyamaze. Jumamosi tulikuwa tunachimba udongo wa mboji, ule tunaoukausha kuwashia moto, Baba akikata mabonge, mimi nikiyatupa ukingoni, nikamwambia yote bila kumtazama. Aliacha kukata. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamjibu si yeye, ni maumivu. Akaketi palepale kwenye matope, na sikujua nifanye nini, nikaendelea kupanga mabonge.

Jioni alizungumza na Mama, mlango umefungwa. Mama alipotoka aliniambia neno moja tu, "Nilikuamini, Ishbel." Nililia, Dada, sikufichi.

Leo asubuhi Mama alikunywa chai yake amesimama dirishani. Akamuuliza Baba, kana kwamba anauliza habari za mvua, iwapo mume huruhusiwa kuingia na mkewe kwa daktari huko Glasgow. Baba akasema, "Nitaingia. Wakitaka nitoke, watanibeba."

Watavuka na meli ya Alhamisi. Ukipata ruhusa kazini, tafadhali kawapokee Glasgow, maana Baba hajui mji ule. Kazi ya Norway ameikataa. Mimi Mama bado hanisemeshi, lakini amenituma nimshushie sanduku la safari kutoka darini, nami nimelifuta vumbi vizuri.

Msalimie mama mwenye nyumba wako. Jikinge na baridi, na utuombee.

Mdogo wako akupendaye,
Ishbel