Mafuta ya Asubuhi, Dirisha kwa Dirisha

Jumanne, 24 Machi 2020

Wamefunga bwawa la kuogelea la mji! Dhoruba ya theluji haijawahi kulifunga — leo kikaratasi tu mlangoni, basi. Korona. Miaka yote hii tunakaa pale kwenye maji ya moto kila asubuhi, shingo nje kama kondoo zizini, tunasengenya mji mzima. Sasa kila mtu kwake.

Hrefna, mjukuu wangu, nesi wa zahanati yetu, kaja akasimama nje ya dirisha na barakoa yake. Akaanza kunihubiria: lala mapema, kula vizuri, tembea, nawa mikono kwa sabuni, usimkaribie mtu. Nikamwambia we mtoto, hayo ya kula na kulala nayafanya tangu mama yako hajazaliwa. Shule sikuiona — mwalimu wa kuzunguka hakuwahi kuvuka mlima kuja shambani kwetu — lakini mwili naujua. Akacheka. Akabusu kioo. Macho mekundu. Hajalala huyo.

Alhamisi, 26 Machi

Ketill wa nyumba ya ng'ambo ya barabara simpendi sura. Yaani sura naipenda — rangi ndiyo imemtoka usoni. Tangu mkewe Gunnvör afariki, bwawa ndilo lililokuwa likimtoa kitandani. Sasa ni kahawa na biskuti, pazia limeshuka hadi mchana. Nikampigia simu. Nikamwambia ukiendelea hivi, korona ikija itakosa kazi, itakuta umeshajimaliza mwenyewe. Akasema, Steinvör, wewe ungefaa kuwa kasisi wa mazishi.

Tumekubaliana: saa mbili asubuhi, kila mtu dirishani kwake na kibilauri cha mafuta ya ini la samaki. Tunainua pamoja, tunameza pamoja.

Ijumaa, 27 Machi

Kainua! Kakunja uso kama mtoto mchanga.

Nimempelekea samaki wa kuchemsha, viazi, siagi bila uchoyo. Nikaweka mlangoni, nikagonga, nikakimbia — kwa magoti haya! Mchana sufuria imerudi kwenye ngazi yangu. Tupu. Imeoshwa.

Jumamosi, 28 Machi

Leo nimemtoa nje kabisa! Lile tangi la plastiki la kuwekea samaki limelala nyuma ya nyumba yake tangu aache uvuvi. Nikasema lijaze maji. Maji ya moto ya ardhini yapo bombani, nani wa kutukataza? Tukaingia. Bega kwa bega — tangi ni la samaki, si la watu. Theluji inatuangukia vichwani. Akaniimbia wimbo wa kwaya yake, walikutana mara ya mwisho wiki jana. Alicheka mpaka akakohoa. Nikajisemea: huku ndiko kujikinga. Moto, baridi, kicheko.

Jumapili, 29 Machi

Hrefna amejua. Mji huu hauna siri!

Kasimama dirishani, sijawahi kumwona vile. — Bibi, mmekaa kwenye tangi moja? Nikamwambia maji yalikuwa ya moto, na mafuta tulishakunywa. — Mafuta si ukuta, Bibi! Mwili uliotunzwa unapigana vizuri, sawa. Lakini wewe umemfungulia mwizi mlango, halafu unajisifu una mbwa mkali!

Nikainamisha kichwa. Mimi! Kisha akalia, barakoa ikalowa, nami siwezi hata kumfuta. Nikaweka kiganja kwenye kioo. Akaweka chake. Nikamwambia nenda kalale. Hiyo ni amri.

Jumatano, 1 Aprili

Ketill ana homa. Nilidhani ni utani wa siku ya wajinga, maana anaupenda sana. Si utani. Wawili wa kwaya nao wako kitandani. Hrefna kampima mlangoni, kavaa kama mtu wa kwenda mwezini. Anayo.

Mimi niko karantini. Siumwi kitu. Afadhali ningeumwa.

Ketill kwenye simu, sauti nyembamba kama karatasi: usijilaumu, bibi wewe, sijacheka vile tangu Gunnvör aondoke. Nikamwambia nyamaza, unamaliza pumzi. Kunywa supu. Fungua dirisha hewa iingie. Lala. Akasema ndiyo, kasisi.

Nimelia jikoni. Nikanawa uso, nikala. Hrefna kanikataza kushinda na njaa.

Ijumaa, 3 Aprili

Kainua bilauri. Kwa mikono miwili. Nusu ilimwagika. Nilipiga makofi kama kichaa.

Jumamosi, 4 Aprili

Saa mbili. Pazia limeshuka.

Saa mbili na nusu. Hapokei simu. Nimempigia Hrefna. Kasema nakuja, Bibi, usivuke barabara, nisikilize mara moja tu katika maisha yako. Nimemsikiliza. Naandika nimesimama hapa dirishani. Viatu nimevaa — lakini nimesimama.

Dirisha lake liko wazi kidogo, upepo unachezea pazia. Jana jioni lilikuwa limefungwa, niliangalia. Dirisha halijifungui lenyewe. Si ndiyo?

Gari la Hrefna linapanda kilima. Bilauri yangu imejaa. Sinywi peke yangu, we mzee, unanisikia? Inua mkono. Hata mtupu.