Wifi, Tumelima Barabarani

Wifi Minza,

Shikamoo sikupi. Tulikuwa rika moja, na kutangulia kwako kaburini hakukufanyi mkubwa wangu. Nakuandikia wewe kwa sababu kaka yako amechoka kunisikiliza. Mume gani huyu! Anasema nikianza habari za barabara chakula kinapoa.

Uliondoka wakati tunavuna viazi. Uliondoka? Naandika kama watu wa msibani. Uligongwa. Ulikuwa umesimama pembeni, beseni la michembe, viazi vyetu vya kukausha, kichwani, unangoja nafasi ya kuvuka uende sokoni, na Haisi mbili zinashindania abiria. Moja ikaipita nyingine kwa upande wa kushoto, kwenye vumbi, huko huko tunakopita sisi wa miguu. Hukuwa hata umekanyaga lami. Lakini mpaka leo wako wanaosema ulivuka ovyo, eti mwanamke mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuza shingo. Wewe! Wewe uliyekuwa unageuka na ndoo kichwani kumtukana mbuzi wa jirani, na maji yasimwagike!

Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia ni mipango ya Mungu. Nilinyamaza kwa ajili ya mama yako. Moyoni nilikataa, na bado nakataa. Mungu hakushika usukani ule.

Mambo yamebadilika, wifi. Siku hizi kila kitu ruksa. Mwenye fedha ananunua gari la mtumba, analipaka rangi, kesho yake liko njiani linakimbia. Magari yameongezeka hapa Mkolani, lakini pa kupita mtu hapajaongezeka. Njia yetu ya ng'ombe na miguu ilikuwapo kabla ya lami, na leo ukipita unapigiwa honi kama kuku aliyeingia sebuleni. Na binti yako Limi analala kwangu sasa. Anavuka pale pale kila asubuhi kwenda shule, ananishika mkono mpaka kucha zinaniingia. Hapo ndipo nilipoacha kulia nikaanza kukasirika.

Tulikwenda mjini Nyamagana, mimi na kina mama wa kwaya, kuomba tuta la kupunguza mwendo wa magari. Bwana mmoja wa ofisini, mpole tu, akasema tuta ni kazi ya wataalamu, tusubiri. Tukasubiri. Tukarudi, akatuambia maneno yale yale. Tukiwa njiani kurudi, mama Kabula akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Jamani, tuta! Sisi Wasukuma, tuliozaliwa kwenye matuta ya viazi, leo tunamwomba mtu tuta?

Jumamosi tukatoka na majembe.

Nisikufiche, la kwanza lilikuwa kichekesho. Mikono ilifanya ilichozoea. Lilikuwa tuta la viazi hasa, refu, laini, limechongoka, lilikosa mbegu tu. Lori la pamba likapita juu yake likabaki vumbi. La pili tukatanguliza mawe, na mawe Mwanza hayaombwi, tukashindilia udongo wa kichuguu kwa michi huku tunaimba kama tuko shambani. Tukaweka matawi huku na huku ili dereva aone mapema. Madereva wengine walitutukana matusi ambayo wewe ungefurahi kuyajibu. Lakini walipunguza mwendo, wifi. Nimeona kwa macho yangu gari likisimama kabisa, na Limi akivuka bila kunishika mkono. Nililia katikati ya barabara, na anayetaka kunicheka acheke.

Juzi akaja yule bwana wa ofisini, safari hii na askari. Upole ulikuwa umekwisha. Akauliza nani kalima hapa. Tulikuwa tumesimama wote na majembe yetu, hakuna aliyeangalia chini. Akasema, "Nataka jina." Nikampa jina. Nikamwambia, Minza.

Akaamuru kesho yake huyo Minza afike ofisini bila kukosa. Mama Kabula akaitikia kwa adabu zote, "Haya baba, tutamwambia."

Kesho yake akangoja. Hata leo pengine anangoja.

Najua watalivunja. Wakilivunja asubuhi, mchana tutakuwa tumelima jingine, na mvua zikilibeba tutalirudia, mpaka Limi awe mama mtu na wanawe wavuke pale wakicheza. Nakuahidi hivyo, na unajua nikikasirika nilivyo.

Nimekukosa, Minza. Kila nikibeba beseni nakukosa.

Haya, ujumbe wa serikali nimeufikisha: unaitwa ofisini. Usiende. Lala, mama. Barabara niachie mimi.

Wifi yako,
Ng'washi